Gangrini na dalili zake daktari anapompima mgonjwa

Gangrini ni kufa kwa nyama ya sehemu fulani ya mwili, mara nyingi vidole vya miguu, kwa sababu damu haifiki tena hapo au kwa sababu bakteria wameiharibu. Wengi huiita donda ndugu, ingawa jina hilo hutumika pia kwa vidonda sugu ambavyo nyama yake bado ni hai, na tofauti hiyo ndiyo inayotafutwa katika kumpima mgonjwa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, mwenye kisukari, aliyechomwa na mwiba uliopenya katambuga yake. Kidole gumba kimekuwa cheusi, kimenywea kama zabibu iliyosahaulika juani, na mpaka kati ya nyama iliyokufa na iliyo hai unaonekana wazi. Hiyo ni gangrini kavu. Daktari hupapasa miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja, kwani mguu usiopata damu huwa wa baridi kuliko mwenzake, kisha hutafuta mapigo ya mshipa juu ya wayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Hubonyeza pia ncha ya kidole cha jirani. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu ni haba. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hujificha, kwa hiyo kucha na nyayo huaminika zaidi.

Gangrini yenye majimaji ni jambo jingine. Mguu huvimba, ngozi hutoa malengelenge, mpaka haupo, na harufu hujitambulisha kabla bandeji haijafunguliwa. Mgonjwa huwa na homa na moyo huenda mbio. Inayotisha kuliko zote ni ile ya gesi, inayoletwa na bakteria wa jamii ya Clostridium: maumivu huwa makali kuliko kidonda kinavyoonekana, na ngozi ikibonyezwa huchakarisha kwa viputo vilivyo chini yake. Hapo huhesabiwa saa, si siku.

Mkulima wetu, hata hivyo, husema haumwi. Hiyo nayo ni dalili, kwani kisukari huweza kuua hisia za miguu. Daktari humwambia afumbe macho, kisha humgusa nyayoni kwa uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Asipousikia, imeeleweka kwa nini mwiba ulikaa ndani bila yeye kujua.