Jina la Alexander kwenye sarafu si ushahidi wa tarehe

Wengi wakiona sarafu ya fedha ya Kigiriki yenye jina la Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, huamini ilitengenezwa enzi zake. Si lazima. Alexander alifariki mwaka 323 KK, lakini miji kadhaa iliendelea kupiga chapa sarafu za jina lake kwa vizazi vingi. Mesembria, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi katika Bulgaria ya leo, ilifanya hivyo hadi karne ya 1 KK.

Hawakuwa wakighushi. Sarafu hiyo ya drakma nne (drakma ilikuwa kipimo cha fedha cha Wagiriki wa kale), yenye uzito wa takriban gramu 17, ilikuwa imezoeleka sokoni, na askari wa kukodiwa waliipokea bila maswali. Nani aache chapa inayokubalika kote?

Siri ya kutambua mji iko upande wa nyuma, alipoketi Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki, akiwa na tai mkononi. Tazama alama iliyo mbele ya magoti yake: waridi ni mji wa Rhodes, kofia ya chuma ya vita ni Mesembria. Sarafu za baadaye pia huwa pana na nyembamba zaidi.

Na yule aliyevaa ngozi ya simba upande wa mbele? Ni Herakles, shujaa wa hekaya za Kigiriki, ingawa wauzaji wengi hupenda kumwita Alexander.