Kilo sawa, molekuli sawa?

Wanafunzi wengi hapa Lamu, na hata wazazi wanaowasaidia kazi za nyumbani, huamini kwamba vitu vyenye uzito sawa vina idadi sawa ya molekuli, yaani chembe ndogo mno zinazounda kitu. Si wazo la ajabu: mizani ikilingana, mtu huona kila kitu kimelingana.

Lakini fika soko la samaki. Kilo ya dagaa na kilo ya nguru zote ni kilo, ila ukihesabu vichwa, dagaa ni tele na nguru hata mmoja hajatimia. Molekuli nazo hutofautiana uzito. Moli ni hesabu tu, kama dazani, ila kubwa mno: 6.022 × 10²³. Moli ya maji ina gramu 18; ya sukari, gramu 342. Basi gramu 342 za maji ni moli 19, yaani molekuli mara 19 ya zile za sukari ya uzito huohuo. (Chumvi tuiweke kando, hiyo ni ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, si molekuli.)

Ukitaka kuhakikisha, chukua uzito wa atomi kwenye jedwali la elementi: haidrojeni (H) 1, kaboni (C) 12, oksijeni (O) 16. Sukari ni C₁₂H₂₂O₁₁, yaani kaboni 12, haidrojeni 22 na oksijeni 11. Jumlisha mwenyewe, gawanya gramu ulizo nazo kwa jumla hiyo, kisha zidisha jibu kwa 6.022 × 10²³.