Kifuko cha kitabu cha mgao, zawadi kutoka kwa watu wa mazishi

Nikisema nakusanya vitu vya Vita ya Pili ya Dunia watu wanawaza helmeti na medali, hapana jamani, mimi nakusanya vya nyumbani, vya wale waliobaki Marekani huku waume na watoto wao wakipigana ng'ambo, na zaidi kabisa vile vya bure walivyogawiwa dukani au benki vikiwa na tangazo juu yake.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kifuko cha karatasi ngumu ya kahawia, pembe zimelainika kama pochi ya bibi, kilitolewa na kampuni ya mazishi ya mji mdogo hapa Ohio ili watu watunzie vitabu vyao vya mgao, yaani vijitabu vya kuponi za kununulia vyakula wakati wa vita. Ndiyo, watu wa mazishi! Kuanzia Mei 1942 sukari ilinunuliwa kwa kuponi, baadaye ikaja kahawa, nyama, siagi, vyakula vya makopo, kwa hiyo hicho kitabu mama hatoki bila nacho, na kila mwenye biashara akataka jina lake likae hapo hapo. Waliopanga foleni za sukari Tanzania miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa sana.

Ndani ya kifuko changu kuna Kitabu Namba Nne. Kuponi za sukari zimechanwa karibu zote lakini zilizoandikwa kahawa zipo, wala usidhani mwenye kitabu hakuwa mnywaji, mgao wa kahawa ulifutwa Julai 1943 kabla kitabu chenyewe hakijaanza kugawiwa. Pia zimo tokeni nne, tuduara twembamba twa milimita 16, si chuma si plastiki, ni karatasi iliyoshindiliwa ikawa ngumu. Zilianza Februari 1944 kama chenji, maana mbali na pesa kila chakula cha mgao kilikuwa na pointi zake, yaani ukitoa kuponi ya pointi 10 ukanunua nyama ya pointi 7 unarudishiwa tokeni nyekundu 3, na bluu zilikuwa za vyakula vya makopo. Zilitengenezwa Cincinnati, karibu bilioni 2, kwa hiyo mtu asikuuzie moja kwa bei ya kukutoa jasho eti adimu. Angalia herufi mbili pembeni ya namba 1 iliyo kwenye tokeni, nyekundu yenye MV ndiyo adimu ya kutafuta.

Sasa kuna feki, na hapa tangazo ndilo linakusaidia maana anwani haidanganyi. Ukikuta anwani ya duka ina ile zip kodi, namba ya posta ya Marekani, ya tarakimu 5 weka chini uondoke, hizo zilianza 1963. Ukikuta namba ndogo tu baada ya jina la mji, mfano Cleveland 14, hiyo ni ya 1943 au baada ya hapo, safi kabisa. Vile viberiti vya karatasi vyenye V ya ushindi, tazama pa kukwangulia, lazima pawe upande wa mbele, maana kupahamishia nyuma kulikuja miaka ya 1970.

Kitu kimoja naomba sana, usivitenganishe na usivisafishe. Nilipoanza nilinunua kifuko cha benki kilichoandikwa kwa penseli ndani, nikaona uchafu, nikachukua ufutio. Nilishafuta mistari miwili ndipo nikasoma wa tatu, "mafuta ya kukaangia, paundi 2", kumbe mama wa watu alikuwa anaandika mafuta aliyoyakusanya kupeleka kwa muuza nyama yakatolewe gliserini ya kutengenezea baruti. Ile miwili ya juu sitaijua tena, na inaniuma mpaka leo.

Siku hizi kila kimoja nakiweka kwenye bahasha isiyo na asidi pamoja na kila kilichokutwa ndani yake, hata risiti, hata pini iliyopata kutu, na nje naandika nilikinunua mji gani.