Kwa nini anga la Entebbe hujifunga usiku huku la Mbarara likifunguka?

Mawingu ya saa kumi na mbili jioni huwavunja moyo watazamaji wengi wa nyota. Wakiona anga limefunga, wanarudisha darubini ndani na kulala. Kwa mtu wa Mbarara, mji wa vilima magharibi mwa Uganda, mbali na ziwa kubwa, kufanya hivyo ni kupoteza usiku mzuri. Mawingu yanayofumka mchana juu ya vilima hulishwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Jua likizama ardhi hupoa, hewa hiyo huacha kupanda, na wingu huanza kusinyaa. Kufikia saa tatu au saa nne, mara nyingi nyota zimejaa. Kama ilinyesha mvua ya radi, utando wa juu huweza kuchelewa kuondoka, lakini mvua hiyo hiyo imeosha vumbi na moshi wa nyasi zilizochomwa. Anga linalobaki huwa safi ajabu.

Entebbe, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria, mambo hugeuka, na sababu ni ziwa hilo lenye takriban kilomita za mraba 68,800. Gusa bati la paa saa nne usiku: limeshakuwa baridi, hata lina umande. Sasa tia mkono katika pipa la maji lililokaa juani mchana kutwa. Bado lina uvuguvugu. Nchi kavu ni lile bati, ziwa ni lile pipa. Usiku hewa baridi ya nchi kavu huteremka kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati, na hewa vuguvugu yenye unyevu husukumwa juu. Hapo ndipo radi huzaliwa, hasa kati ya usiku wa manane na asubuhi. Wavuvi wa Kalangala, visiwani humo ziwani, wanazijua na kuziogopa. Pepo za mashariki huzisukuma upande wa magharibi wa ziwa, na baadhi hufika pwani ya Entebbe kabla ya jua kuchomoza.

Saa basi ndiyo inayoamua. Msalaba wa Kusini, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ukiutazama kutoka Entebbe, husimama juu ya ziwa lenyewe, kama nyuzi 30 kutoka upeo. Katikati ya Februari hufika hapo yapata saa tisa na nusu usiku, wakati ziwa linapochemka. Mwishoni mwa Mei hufika saa tatu usiku, kabla radi hazijajikusanya. Mtu wa Entebbe autafute Mei, mapema, mvua za masika zikimruhusu. Wa Mbarara anaweza kuusubiri hata Februari.