Hita mpya kwenye Morris Minor: dhana potofu na ukweli wake

Morris Minor za kwanza, magari madogo yaliyotoka kiwandani Uingereza mwaka 1948, hazikuwa na hita, yaani kifaa cha kupasha joto ndani ya gari, kwa sababu injini zake hazikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe hadi kwenye rejeta, yaani kipoza maji cha mbele ya gari, yakapoa, yakashuka na kurudi kwenye injini. Pampu ilipokuja kufungwa miaka michache baadaye ndipo hita ilipowezekana, na hata wakati huo iliuzwa kama kifaa cha ziada. Ndiyo maana hadi leo wapo watu wanaofunga hita kwa mara ya kwanza kwenye gari lenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, na wengi wao hukutana na tatizo lilelile: feni inazunguka, injini imepata moto, lakini kinachotoka ni hewa baridi.

Dhana inayotangulia nyingine zote ni kwamba hita ikipuliza baridi, basi hita yenyewe ni mbovu. Watu hufungua boksi zima, hulirudisha dukani, hununua jingine, na hilo nalo linapuliza baridi. Ukweli ni kwamba hita ya gari hili haitengenezi joto lolote. Ndani yake mna rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ya injini, na feni inayosukuma hewa kupitia rejeta hiyo. Hita mpya ikiwa baridi, mara nyingi inachokuambia ni habari za njia ya maji ya zamani uliyoiunganisha nayo.

Kabla ya kufungua chochote, washa injini mpaka ipate moto sawasawa, fungua koki ya hita (bomba la kufungulia maji yanayokwenda kwenye hita), acha feni imezimwa, kisha gusa kwa uangalifu mipira miwili ya maji inayoingia na kutoka kwenye hita, ukijiepusha na feni ya injini na mkanda wake. Mipira yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita, na kasoro iko upande wa hewa: feni, vifuniko vya kuelekeza hewa, au mabomba ya kuipeleka kwenye kioo. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, maji yanafika lakini hayavuki, kwa hiyo kuna hewa iliyonaswa au uchafu umeziba mahali. Yote miwili ikiwa baridi, maji hayatoki kabisa kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Ikiwa ni ya uvuguvugu tu, tazama themostati, yaani vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka yapate joto. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, nami ningependa kila mwenye gari alifanye kabla ya kulipa hata senti moja.

Wengine huamini kwamba rejeta ikijaa hadi shingoni, mfumo wote umejaa. Sivyo. Mipira ya hita hupanda na kushuka, na pale inapopanda hewa hujikusanya na kugoma kutoka, kwa kuwa pampu ya injini hizi haina nguvu ya kuisukuma. Namna ya kuitoa ni kusimamisha gari kwenye mteremko likiwa limeinua pua, injini ikiwa baridi kabisa na koki ikiwa wazi, kisha kuchomoa mpira wa kurudisha maji upande wa injini na kuziba kwa kizibo tundu lililobaki wazi. Mimina maji yaliyochanganywa na glikoli (dawa ya kuzuia kuganda) polepole kwenye rejeta mpaka yatoke kwenye mpira ule bila mapovu, urudishe mpira mahali pake, ukaze klipu. Huenda ukalazimika kurudia mara mbili au tatu. Kamwe usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka na kuunguza uso na mikono.

Hewa ikishatolewa na mpira mmoja ungali baridi, mtuhumiwa anayefuata ni koki. Katika injini hizi hukaa nyuma ya silinda hedi, na nyuma ndiko kutu na matope ya miaka mingi hujikusanya. Mpini kuzunguka vizuri si ushahidi kwamba maji yanapita. Mwaga maji, ifungue koki, ipulize kwa mdomo, kisha chokonoa kwa waya tundu lililo kwenye hedi. Mara nyingi utope mwekundu hutoka hapo. Ni heri kuisafisha injini yote kwa maji safi kabla ya kuunganisha hita mpya, maana vijia vya rejeta ndogo ni vyembamba, na kutu iliyokaa kimya kwa miaka huishia humo. Kwa sababu hiyohiyo sishauri kutumia dawa za kuziba uvujaji zinazomiminwa kwenye rejeta: haziwezi kutofautisha ufa na kijia.

Dhana ya themostati inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Mafundi wengi wa kwetu huitoa na kuitupa, wakiamini kwamba injini itapoa zaidi na kudumu zaidi. Kwenye joto la Dar es Salaam madhara yake hayaonekani haraka, lakini hita huyafichua siku ya kwanza. Themostati inapokuwa haijafunguka, maji hubaki yakizunguka ndani ya injini na kwenye hita mpaka yapate joto, ndipo njia ya rejeta hufunguka. Ikiondolewa, maji hukimbilia rejeta tangu injini inapowashwa, na asubuhi ya baridi huko Uingereza, au hata Njombe na Limuru, injini haifikii joto lake la kufanyia kazi. Inakula mafuta zaidi, inalika mapema, na hita haina cha kupuliza. Themostati ya kawaida ya injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi. Ya 74 ilikusudiwa nchi za joto na ya 88 kipindi cha baridi kali. Unaweza kuijaribu nyumbani kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto.

Upande wa umeme, husemwa kwamba feni ikizunguka basi imeunganishwa sawa. Morris Minor zilitoka kiwandani zikiwa na nguzo chanya ya betri iliyounganishwa na bodi, kinyume cha magari ya sasa. Mota yenye sumaku za kudumu, ukiigeuzia nyaya, huzunguka kinyumenyume, na feni ya mapezi ya duara kama gurudumu ikizunguka hivyo bado hupuliza hewa kwa njia ileile, ila kwa udhaifu mkubwa. Kwa hiyo upepo hafifu kutoka kwenye feni mpya ni sababu ya kukagua nyaya kwanza.

Maji matupu hayatoshi palipo na barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na rejeta ndogo ya hita ni miongoni mwa vitu vinavyopasuka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na glikoli hulinda hadi karibu nyuzi 35 chini ya sifuri. Glikoli ina ladha tamu na ni sumu kali, basi isiachwe mahali watoto au mbwa wanapoweza kuifikia. Utamu huo husaidia pia katika uchunguzi: kioo kikipata ukungu wenye mafuta na harufu tamu, hita inavuja, zulia likilowa bila harufu hiyo, huenda ni mvua inayopenya kwenye mpira wa kioo cha mbele.

Ikiwa yote hayo ni sawa na joto bado ni dogo, kagua mipira ya milango na matundu ya kupitishia nyaya kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, kwa maana baridi huingia humo kwa kasi kuliko hita inavyoweza kuishinda. Madereva wa Uingereza walizoea pia kufunika sehemu ya mbele ya rejeta wakati wa baridi. Njia hiyo hufanya kazi, mradi uwe na geji ya joto ya kuangalia na ukiondoe kifuniko mara sindano inapopanda.