Kitambaa Hakipimi Uuzbeki

Watafiti wenzangu, nimeikuta tena ile hoja: binti wa Kiuzbeki akienda kusoma Istanbul au Seoul, mtazame kichwani utajua kama utaifa wake bado anao. Akijifunga, kaushika, akiacha wazi, kauacha uwanja wa ndege. Jamani.

Kwanza, kitambaa kipi? Ro'mol hufungwa fundo kisogoni, shingo ikaachwa nje, na ndiyo inayohesabiwa vazi la asili. Hijob hubanwa pini chini ya kidevu, na ndiyo iliyowafukuzisha wanafunzi vyuoni baada ya sheria ya Uzbekistan ya 1998 kukataza mavazi ya ibada hadharani. Katazo hilo liliondolewa 2021. Kwa hiyo aliyeanza hijob Istanbul mwaka 2015 hakuwa anahifadhi cha kwao, kwao kingemponza. Na aliyeondoka nyumbani kichwa wazi hakuvua kitu ugenini. Huenda aliyevua ni mama wa bibi yake, paranji, mavazi ya kufunika mwili mzima, zilipochomwa viwanjani kwenye Hujum, kampeni ya Wasovieti ya kuwavua wanawake, iliyoanza tarehe 8 Machi 1927. Ukiandika "amevaa hijabu" kwa fundo la kisogoni na kwa pini ya kidevuni sawasawa, data yako imeshaharibika.

Dodoso nalo. "Millatingiz nima?" huuliza kabila, si uraia. Millat ni ndugu wa neno letu mila, shina moja la Kiarabu, ila enzi za Sovieti neno hilo likapewa mstari wake kwenye pasipoti. Binti wa Samarkand anayeongea Kitajiki na mama yake anaweza kuwa ameandikwa Mwuzbeki. Wa Nukus, mji wa jimbo la Wakarakalpaki, huenda akakujibu Mkarakalpaki. Wote raia wa Uzbekistan. Uraia ni fuqarolik. Uliza yote mawili, mbalimbali.

Usithubutu kuuliza habari za "milliy o'zlik", utambulisho wa kitaifa. Utasomewa daftari la shule, maana itikadi ya taifa ilikuwa somo lenye mtihani. Uliza ujumbe wa bibi anauandika kwa herufi za Kisirili (kama za Kirusi) au za Kilatini, na wa mdogo wake je. Uliza Mrusi akitaka kujua ametoka wapi anajibuje, kisha Mkorea.

Halafu nenda jikoni siku ya Navruz, mwaka mpya wao wa 21 Machi. Sumalak, uji mzito wa sikukuu hiyo, haiwezekani bwenini: maji ya ngano iliyochipua hukorogwa usiku kucha, vijiwe vikiwa ndani ya sufuria yasishike chini, na king'ora cha moshi hakina subira hiyo. Hubaki osh, yaani pilau: kilo ya mchele, kilo ya nyama, kilo ya karoti za kukata vijiti. Ukizikuna, zinavurugika. Mchele wa Kikorea hunata, basi uoshwe sana na maji yapunguzwe.

Sasa mtazame aliyesimama kwenye sufuria. Kwao, osh ya harusi ni kazi ya oshpaz, mpishi mwanamume. Ugenini wanaipika wasichana, wamevaa hariri ya atlas, na wageni wanaambiwa ndivyo tulivyo tangu jadi. Mpimaji wa "kupotea" ataandika nini hapo?

Kinachonitia shaka ni sisi wenyewe. Wahojiwa tunawapata kwa rafiki wa rafiki, kwenye sufuria hiyohiyo. Asiyekuja Navruz hatumwoni kabisa. Na kuna haya, ambayo wao huiita hayo, neno lilelile. Mbele ya mhoji wa kiume, au wa umri wa mama yake, binti akiulizwa ndoa hujibu kama anavyotakiwa kujibu. Ukimpelekea wa rika lake na wa kwao, anapima kila neno, asije akatanguliwa na maneno yake kufika mahalla, mtaa wa kwao.