Kruzi kontroli na breki ya kujifunga yenyewe: gari linaona nini kwenye barabara za Nyanda za Juu Kusini

Kruzi kontroli ni mfumo unaoshika mwendo wa gari bila dereva kukanyaga mafuta. Unafika kwenye spidi unayoitaka, tuseme 80, unabonyeza SET kwenye usukani, unaondoa mguu, na gari linabaki kwenye 80. Ukigusa breki, mfumo unaachia hapo hapo. Ukibonyeza RES, gari linarudi kwenye ile spidi uliyoweka mwanzo. Kazi yake ni hiyo tu, na dereva wa Crown au Mark X aliyewahi kuvuka tambarare za Usangu, Igawa hadi Chimala hadi Igurusi, anajua raha yake: barabara imenyooka na mguu unapumzika.

Mfumo wa kuzuia kugonga, yaani hiyo breki ya kujifunga yenyewe, ni kitu kingine kabisa. Huo haushiki mwendo wowote. Unakaa kimya safari nzima ukiangalia mbele kwa kamera, rada au miale ya leza, na ukiona mnaelekea kugonga unapiga kelele, kisha unafunga breki wenyewe. Magari mengi yaliyotumika Japani yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupandishwa huku sasa yanakuja na vyote viwili, na mkanganyiko unaanzia hapo. Mtu anaonyeshwa vitufe, anaambiwa "hili linajiendesha", analipia, anaingia barabarani. Gari halijiendeshi. Kwenye barabara ya TANZAM, ambako malori ya Zambia na Kongo yanagawana lami na mabasi, Noah, bodaboda na ng'ombe, imani hiyo inaweza kuondoa roho za watu.

Tuanze na ile ya zamani. Aliyeibuni ni Ralph Teetor, mhandisi wa Kimarekani aliyepofuka akiwa na miaka mitano. Yeye alikuwa abiria maisha yake yote, na abiria ndiye anayeumia dereva anapokanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Aliyekaa siti ya nyuma ya Kosta kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu anamwelewa vizuri. Alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mwaka 1950, na Chrysler ikaanza kuuza magari yenye mfumo huo kwa toleo la 1958. Utendaji wake haujabadilika sana: kifaa kinapima mwendo halisi, kinaulinganisha na ule uliowekwa, kinaongeza au kupunguza mafuta. Kupanda mlima kinaongeza, na gari la otomatiki linashuka gia lenyewe likihitaji nguvu.

Mteremkoni mambo yanageuka. Kruzi kontroli ya kawaida haina mkono kwenye breki. Chukua Kitonga, unatoka Iringa, umeshaipita Ilula, barabara inaanza kudondoka kwa kona zinazofuatana, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Umeweka 80. Kompyuta inaona 85, inafunga mafuta. Inaona 90, imeshafunga mafuta yote, haina kingine cha kufanya. Uzito wa gari na watu na mizigo unaendelea kuvuta, na wewe mguu uko mbali na pedali kwa sababu umezoea kuwa "limeshikwa". Magari mapya zaidi huweza kutumia breki yenyewe kulinda ile 80, lakini hiyo nayo si dawa ya mteremko mrefu: breki inayoshikwa muda wote inachemka, na breki iliyochemka haishiki. Madereva wa malori wanalijua hili tangu siku ya kwanza kazini, wanashuka na gia. Mwenye gari dogo naye afanye hivyo. Zima kruzi kontroli kabla mteremko haujaanza, peleka gia kwenye L au 2, au kwenye M au S halafu punguza namba, uache injini izuie. Inyala vivyo hivyo, na ule mteremko wa Iwambi kushuka Mbalizi.

Kuna kruzi kontroli ya kizazi cha pili, inayofuata gari lililo mbele. Mitsubishi waliitoa Japani mwaka 1995 ikitumia leza, na Mercedes wakaja na ya rada mwaka 1999. Unaweka 80 na unachagua umbali wa kuacha. Ukikuta lori linakwenda 60, gari lako linashuka hadi 60 na kukaa nyuma yake. Lori likichepuka, linapanda tena hadi 80 bila wewe kugusa kitu. Kati ya Mafinga na Makambako, mchana, barabara kavu, inapunguza uchovu kweli, na sioni sababu ya mtu kuiogopa hapo.

Shida yake ni kona. Rada inatazama mbele moja kwa moja, kwa upana mdogo. Lori likizama kwenye kona kabla yako, rada inalipoteza, na kompyuta inahitimisha kwamba njia imefunguka. Inaongeza mafuta. Yaani unaingia kwenye kona gari likiwa linakimbilia 80, na lori lile lile la 40 linakusubiri upande wa pili. Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, kona juu ya kona na mvua ya Rungwe juu yake, si mahali pa kuwasha mfumo huu. Kwenye lami iliyotuama maji kruzi kontroli ya aina yoyote izimwe, maana tairi likianza kuelea juu ya maji unahitaji kuondoa mafuta wewe mwenyewe, sekunde hiyo hiyo.

Jambo linalonisumbua zaidi ya yote ni gari lililokufa barabarani usiku.

Rada haioni picha. Inatuma mawimbi, yanarudi, na kutokana na yaliyorudi inajua kitu kiko umbali gani na kinakwenda kasi gani. Sasa fikiria vitu vyote vilivyosimama kando ya barabara: nguzo, vibao, kalavati, kingo za daraja. Vyote vinarudisha mawimbi. Gari lingefunga breki kwa kila kimoja, lingegongwa kwa nyuma kila baada ya kilomita moja. Kwa hiyo wahandisi waliifundisha rada, hasa ya matoleo ya mwanzo, kupuuza kitu ambacho tangu kionekane kimekuwa kimesimama. Walikuwa na sababu nzuri. Lakini semitrela lililovunjika ekseli pale Nyololo saa nane usiku, mkia wake ukiwa nusu ndani ya njia yako, ni kitu ambacho tangu kionekane kimesimama. Kamera inasaidia kuziba pengo hilo, ila kamera nayo inahitaji mwanga, na trela la namna hiyo mara nyingi halina taa wala viakisi vinavyofaa.

Utingo wake ameshakata matawi. Ameyapanga barabarani, la kwanza mbali kabisa, jingine karibu zaidi, ya msonobari ukiwa karibu na Sao Hill, ya mkaratusi kwingineko. Dereva yeyote wa huku akiona tawi katikati ya lami anaondoa mguu kwenye mafuta kabla hajawaza, kwa sababu anajua kuna gari limekufa mbele. Kamera iliyotengenezwa Japani haikufundishwa hivyo. Kwake tawi ni takataka iliyolala chini, au si kitu kabisa, na gari litapita juu yake kwa 100 ile ile uliyoweka. Ishara hiyo imeandikwa kwa macho yako peke yako. Usiku, kwenye barabara hii, mimi nasema kruzi kontroli isiwashwe, ya zamani wala ya kisasa.

Turudi kwenye breki ya kujifunga yenyewe, ambayo msimamo wangu juu yake ni tofauti: iache imewashwa siku zote. Inafanya hesabu moja bila kuchoka, umbali uliobaki ugawanye kwa tofauti ya mwendo. Uko 80, lori linapanda Kitonga kwa 20. Tofauti ni 60, karibu mita 17 kwa sekunde. Mkiwa mita 50 mmebakiza sekunde tatu. Mwanzoni inakupigia kelele ukiwa bado na nafasi ya kufanya kitu, na ikiona hujafanya, sekunde za mwisho kabisa inakanyaga yenyewe. Tuseme imekanyaga ikibaki sekunde moja. Kwa hesabu tupu, lami ikiwa kavu na matairi mazima, utalifikia lile lori ukiwa umelizidi kwa kama kilomita 12 tu kwa saa. Bampa litapasuka, utashuka ukitetemeka, utarudi nyumbani. Hesabu ile ile, mvua inanyesha na tairi zimeisha kashata, nguvu ya kuzuia ikipungua kwa nusu, unaligonga kwa tofauti ya zaidi ya 40. Kompyuta ni ile ile, breki ni zile zile. Mwenye kununua gari la mamilioni kwa ajili ya usalama halafu akavaa tairi kipara amejinyang'anya mwenyewe kile alicholipia.

Na mifumo hailingani. Hili wauzaji hawalisemi, pengine wengi wao hawalijui. Mazda CX-5 za mwanzo, za 2012, ziliuzwa na breki inayotumia leza iliyo juu ya kioo cha mbele, na hiyo inafanya kazi kati ya kilomita 4 na 30 kwa saa. Ni ya foleni. Itakusaidia jijini Mbeya, Mwanjelwa au pale Kabwe magari yanapobanana. Ukiwa 90 Igurusi haipo. Toyota walianza kuweka mifumo yao mipya mwaka 2015, na ile ndogo iliyokuwa kwenye Axio na Vitz, yenye leza na kamera moja, mwanzoni haikutengenezwa kumtambua mtu anayevuka kwa miguu. Subaru wanatumia kamera mbili zinazopima umbali kama macho mawili, na toleo lao la 2010 lililenga kusimama kabisa iwapo tofauti ya mwendo haizidi takribani kilomita 30. Zaidi ya hapo linapunguza pigo tu. Kwa hiyo Forester ya mwaka mmoja na ya mwaka mwingine si gari moja kwenye jambo hili, hata kama rangi na umbo vinafanana. Na karibu mifumo yote ya umri huo haikuundwa kukuokoa na basi linaloovateki likija uso kwa uso.

Kuhusu tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Najua madereva wanaoweka kruzi kontroli kwenye 50 kila wakiingia kijijini ili trafiki asiwapate. Nawaelewa, kibao cha 50 kinasahaulika haraka. Lakini kijijini ndiko watoto wanakovuka wakitoka shule na bodaboda zinakochomoza bila kuangalia, na hapo mguu unatakiwa uwe juu ya breki, si kwenye zulia. Kama gari lako lina kitufe cha LIM, tumia hicho. Chenyewe hakishiki mwendo, kinakuzuia tu usiupite; mafuta unaendelea kukanyaga wewe, na ukiachia gari linapungua kama kawaida.

Ukungu nao usiusahau. Makambako kwenda Njombe asubuhi unaweza usione kibao kilicho hatua chache mbele yako, na kamera haioni zaidi yako. Mara nyingi dashibodi itakuonyesha taa ya njano au maandishi ya Kijapani yanayosema mfumo umejizima kwa muda. Watu wengi hawayaelewi maandishi hayo, wanayapuuza, wanaendelea wakiamini wanalindwa. Tope likijaa kwenye rada hutokea vivyo hivyo. Ipigie picha hiyo meseji kwa simu ukishasimama, itafsiri hata kwa programu ya bure, ujue inasema nini.

Mwisho ni gereji. Kamera iko nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na imepimwa kutazama mahali maalumu kwa kipimo kidogo sana. Jiwe la lori likipasua kioo, ukaenda kubandikiwa kingine cha bei nafuu, kamera inarudishwa ikiwa imepinda kidogo tu. Kwa umbali wa mita 80 upindaji huo unaweza kuihamisha kutoka njia yako hadi ya jirani. Rada nyingi ziko nyuma ya nembo ya mbele au ndani ya bampa, na bampa lililojazwa fila na kupigwa rangi nzito huziba mawimbi. Kuinua gari kwa spesa, vile vipande vinavyoongezwa kwenye springi, ili lipite barabara za vumbi za Makete au Kilolo kunaweza kubadilisha pembe ya vyote viwili. Kabla fundi hajang'oa kioo au bampa, muulize kama ana kompyuta na vibao vya kuipima upya kamera na rada ya gari la aina yako. Akisema hana, au akisema haihitajiki, tafuta mwingine, hata kama ni kusubiri hadi utakaposhuka Dar es Salaam, na hadi siku hiyo endesha ukijua kwamba breki iliyopo ni ya mguu wako.